Ua la utepe kwenye kiatu cha biharusi

Anayetaka kupamba kiatu cha biharusi kwa mtindo wa enzi ya Malkia Victoria aanze na ua la utepe. Mapambo makubwa ya utepe juu ya viatu yalishamiri miaka ya 1860, zama zile zile Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, alipohamia Hamburg, Ujerumani. Gauni zilitandazwa kwa fremu ya pete kubwa iliyovaliwa chini yake. Mwanamke akitembea fremu huyumba, pindo likanyanyuka, kiatu kikaonekana. Ndiyo maana urembo ulijaa mbele, juu ya vidole.

Pita Mchangani, mtaa wa maduka ya vitambaa mjini Zanzibar, ununue utepe wa satini wa upana wa sentimita 3. Kila kiatu kinataka sentimita 45, na sentimita 30 za utepe mwembamba wa tabaka la juu. Satini ya poliesta ipitishe ncha karibu na mshumaa isichambuke. Hariri haiyeyuki, kwa hiyo kunja ncha ushone.

Unganisha ncha mbili za kila utepe, kisha piga bandi ukingo mmoja kwa uzi maradufu, mishono ya milimita 4, uvute taratibu mpaka marinda yafanye duara. Uzi mmoja hukatika wakati wa kuvuta. Mishono mirefu huleta marinda manene, ua likakaa limevimba.

Ua usilishone moja kwa moja kwenye kiatu. Kata duara la sentimita 4 la kile kitambaa kigumu mafundi wanachotia ndani ya kola, ushonee tabaka zote mbili hapo, na katikati ufunike kwa shanga. Duara hilo ndilo linalopachikwa, kwa sindano iliyopinda, ukishika kitambaa cha nje tu. Uzi ukipenya hadi kwenye bitana, fundo litamchubua biharusi kabla hajafika ukumbini. Ua liweke karibu na ukingo wa juu wa kiatu. Likishuka pale mguu unapokunjika, litabenuka kila hatua.

Gundi ya moto siipendekezi kabisa. Joto kali huilainisha, na doa lake kwenye satini halitoki.

Kuhusu shanga: viatu vya ngozi ya rangi ya shaba vya miaka ya 1880 na 1890 vilitariziwa shanga za chuma zilizochongwa, zinazometa vizuri mno kwenye mwanga wa taa. Hewa yetu ya chumvi huzitia kutu, na kutu hiyo huchafua satini. Tumia za kioo zenye rangi ya chuma, ukipiga fundo kila baada ya shanga 5, ili uzi ukikatika zisimwagike zote.