Nzi wa Mjomba

Jumamosi nilikuwa napekua droo nikitafuta betri za rimoti. Kitinda mimba wangu akachomoa mkebe wa kiwi, akaufungua kabla sijamkataza. Ndani mlikuwa na ndoana moja tu, imefungwa manyoya ya jogoo kwa uzi mweusi. Huyu mtoto amezaliwa Kisumu. Samaki kwake ni ngege wa kukaanga na omena wa kupimwa kwa gorogoro. Akaigeuzageuza ile ndoana, akauliza:

"Baba, kuna samaki anakula kuku?"

Mkebe ule ni wa Mjomba wangu wa Endebess.

Nilikuwa darasa la saba, likizo ya Desemba. Matatu hadi Kitale, nyingine hadi Endebess, usiku mmoja kwenye kibanda cha mfugaji rafiki yake, na alfajiri tukawa tunapanda Mlima Elgon, mimi nimevaa gamubuti za mtu mzima zilizojazwa magazeti. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache, ila zikija habari za trauti hakunyamaza. Aliniambia samaki hao ni wageni, kwamba mwaka 1905 Mwingereza mmoja, Grogan, aliwaleta kutoka Uskochi akawatia mto Gura, kule Aberdare. Aliniambia pia kwamba Suam, tuliokuwa tunaufuata, ukishafika nyanda za joto huitwa Turkwel na kwenda kuishia Ziwa Turkana. Mimi mtoto wa ziwani nilidhani mito yote ya magharibi inakuja kwetu. Niliona kama tumeibiwa.

Kwake ilikuwa nzi au basi. Nzi ni hayo manyoya, aliyafunga mwenyewe usiku kwa mwanga wa koroboi. Kuvua trauti kwa nyungunyungu, alisema, ni sawa na kumwibia mtu aliyelala.

Tulifika kwenye kijito kinachoingia Suam, maji meupe kama kioo, baridi ya kuuma mifupa. Mvua haikuwa imenyesha kwa zaidi ya wiki. Alinionyesha trauti wanavyokaa wameelekeza vichwa mkondo unakotoka, wakingoja chakula kiletwe na maji, kwa hiyo mvuvi huwajia kwa nyuma, ameinama, kivuli chake kisiguse maji. Nilirusha mpaka bega likafa ganzi. Nzi alinasa kwenye majani, kwenye kofia yangu, mara moja kwenye sikio la Mjomba. Hakusema kitu. Alimchomoa nzi, akasogea mkondo wa juu kidogo, akatoweka nyuma ya jiwe.

Nikapindua kinyesi kikavu cha ng'ombe.

Nyungunyungu alikuwa mnene, wa rangi ya zambarau, na vidole vyangu vilikuwa vimekufa kwa baridi hata nikamtoboa mara tatu kabla hajakaa. Nilimvisha juu ya manyoya ya jogoo, nikamwacha mkia ukining'inia. Sikurusha, nilimdondosha tu nyuma ya mzizi, maji yakamchukua taratibu. Mshipi ulisimama. Ukatetemeka mara moja, ukalegea. Nilipouvuta, nusu ya nyungunyungu haikuwepo. Nikarudisha nusu iliyobaki palepale. Safari hii ufito uliinama mpaka ncha ikazama, nami nikasahau kila nilichofundishwa, nikageuka na kukimbia kuelekea kichakani nikimburura samaki nyuma yangu kama mbuzi mkaidi.

Nilipomwangukia pale kwenye nyasi, alikuwa mzuri kupita kiasi. Madoadoa meusi mpaka mkiani, na ubavuni mstari wa waridi, kama mtu amempaka kwa kidole. Nilimtazama pengine kwa pumzi tatu. Kisha nikafuta ndoana kwa pindo la shati haraka haraka, nikapiga kelele: "Mjomba! Nzi amekubali!"

Alikuja mbio, mzee yule! Akanikumbatia. Akachomoa kisu, akampasua samaki, na kama ilivyokuwa desturi yake akafungua tumbo kuona amekula nini. Mlikuwa na vijidudu vyeusi vya mtoni. Na mkia wa nyungunyungu, mbichi, bado unang'aa.

Aliutazama. Mimi nilitazama gamubuti zangu.

"Mvua ya jana," akasema, akisuuza kisu majini, "imesomba nyungunyungu wengi sana."

Tulimla na ugali na chumvi. Tangu hapo, kila penye watu watatu, Mjomba alisimulia: huyu mpwa wangu wa Kisumu, siku ya kwanza tu, alimdanganya trauti kwa nzi! Alisimulia kwenye matanga ya nyanya, akasimulia kwenye harusi yangu, kipaza sauti mkononi, kisha akanikabidhi mkebe wa kiwi mbele ya wakwe. Watu wakapiga makofi. Nikamtazama usoni nitafute walau kicheko. Sikukiona, au alikificha vizuri. Mara mbili nilifunga safari ya Endebess nikiwa nimepanga kumwambia. Mara ya kwanza tuliongea habari za mahindi. Mara ya pili ndiyo tulikuwa tunamzika.

"Baba?"

Nikamwambia samaki hali kuku, hudanganyika tu, anadhani ni mdudu.

"Na hii ilimdanganya samaki?"

Betri zilikuwa chini kabisa ya droo. Nikampa apeleke sebuleni.