Aliyesimama Pembeni mwa Picha

Baba alipofariki, wadogo zangu waligawana spana na jeki zake. Mimi nilichukua mkebe wa biskuti uliokuwa juu ya kabati lake miaka yote ya utoto wetu, ambao hatukuruhusiwa kuugusa. Ndani mlikuwa na picha kumi na moja nyeusi na nyeupe, kingo zimejikunja kama majani makavu.

Baba alikuwa fundi kijana katika gereji moja ya Arusha. Kila Pasaka alitumwa na mwenye gereji, na tairi na madebe ya petroli, akayangojee magari ya mashindano ya Safari Rally mahali fulani porini. Alitusimulia sana habari hizo, nasi tulizisikiliza kama watoto wanavyosikiliza, sikio moja likiwa mchezoni. Nilimiliki simu yenye kinasa sauti miaka minne kabla hajafa, na sikuwahi kuiwasha mbele yake hata mara moja. Jambo hilo bado linaniuma.

Kati ya zile kumi na moja, moja ilinishika. Peugeot 404 imezama matopeni hadi karibu na bampa, watu kama kumi na wanne wanaisukuma, na vijana watatu wamekaa juu ya buti. Nyuma ya picha baba alikuwa ameandika kwa penseli: Magara, Pasaka. Mwaka hakuandika. Namba ya gari ubavuni ilifunikwa na tope. Kilichosomeka ni maneno matatu tu ya kibao cha mbele, East African Safari. Hilo lilinisaidia kidogo, kwa sababu mashindano yalipoanza mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yaliitwa East African Coronation Safari, na jina la East African Safari lilikuja mwaka 1960. Kwa hiyo picha haikuwa ya kabla ya hapo. Lakini kutoka 1960 kwenda mbele kuna Pasaka nyingi.

Juni 2014 niliamua kwenda Magara kwenyewe. Nilishuka kwenye basi la Babati pale Mbuyu wa Mjerumani, nikapanda pikipiki kuelekea Mbulu. Njia inakatiza tambarare ya kusini mwa Ziwa Manyara, kisha ghafla ukuta wa Bonde la Ufa unasimama mbele yako, na barabara inaanza kuupanda kwa kona. Nilimwomba kijana wa pikipiki asimame chini ya mlima ule, nikautazama kwa muda. Kiangazi tu pikipiki ilikuwa inahema. Nikajaribu kuwaza masika, usiku, na gari la mwendo wa tairi za nyuma.

Mwenyekiti wa kijiji alinipokea vizuri. Alipoiona picha hakusema mengi, alisema tu kwamba yupo mama mmoja wa siku hizo. Tulimkuta nje ya nyumba anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Nikampa picha. Aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akaifuta kwa upindo wa khanga ingawa haikuwa na vumbi. Nilikuwa nimejiandaa kumwuliza habari za gari: lilikuwa la nani, lilitoka vipi, lilifika saa ngapi. Yeye gari hakulitazama hata kidogo. Kidole gumba chake kilikwenda moja kwa moja ukingoni, upande wa kulia, ambako kijana mwembamba amesimama na jembe begani, nusu ya mwili wake imo na nusu imekatwa na ukingo wa picha. Mguu mmoja peku. Anacheka.

"Huyu ni kaka yangu," akasema. Alinyamaza kidogo, halafu: "Na huyu hapa nyuma, mwenye mtoto mgongoni, ni mimi."

Nilikuwa nimeitazama picha ile mara mia na sikuwa nimemwona mwanamke mle ndani. Alikuwepo, nyuma ya wanaume, mbeleko imefungwa kifuani, na kichwa kidogo cha mtoto kinachungulia juu ya bega.

Nikamwuliza mtoto yule alizaliwa lini. Akanihesabia kwa namna yake. Siku bendera ya Uhuru inapandishwa alikuwa na mimba changa, ya kwanza. Alijifungua wakati wa baridi, mwaka uliofuata. Pasaka iliyofuata mtoto alikuwa mgongoni. "Pasaka ya pili yake angekataa mbeleko. Alikuwa anakimbia." Uhuru ulikuwa tarehe 9 Desemba 1961. Basi picha ni ya Pasaka ya 1963. Miezi mingapi nimehangaika na umbo la taa na kibao cha mbele, na jibu lilikuwa mgongoni mwa mama yule.

Wanaofuata mashindano haya wanaujua mwaka huo. Yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu. Mshindi alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Sisemi gari la baba ni lile lao. Peugeot za namna hiyo zilikuwa nyingi. Lakini mwaka huohuo Erik Carlsson wa Sweden alikuwa akiongoza na Saab yake mpaka akamgonga mhanga, yule mnyama wa porini anayekula mchwa. Mhanga yule ameandikwa katika historia ya Safari. Watu waliosukuma magari hayo kwa mabega yao hawakuandikwa popote.

Nikamwuliza kuhusu vijana walio juu ya buti. Siku zote nilidhani ni utundu wa watoto. Akacheka mpaka akaweka gunzi chini. Hao walipandishwa kwa makusudi, na aliyewapandisha ni kaka yake. Tairi zilikuwa zinazunguka bure, zinachimba tu; akakata matawi akayasokomeza chini yake, akaona bado, ndipo akawaambia vijana wakae nyuma ili gari lilemewe upande unaosukuma. Dereva alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza na hakuna aliyemwelewa, wala hapakuwa na haja. Gari lilipotoka lilitoka kwa kuruka, vijana wote watatu wakabaki wamekaa kwenye tope. Kaka yake alijua litakavyokuwa, ndiyo maana pichani anacheka.

Niliomba ruhusa nikawasha simu. Safari hii niliiwasha. Tuliongea dakika arobaini na mbili, sauti ya mahindi yakidondoka kwenye beseni inasikika mpaka mwisho. Kisha nikaigeuza picha juu ya kitabu kigumu, na kwa penseli laini, bila kukandamiza, nikaandika majina kadiri alivyoyataja, kutoka kushoto. Peni haifai kwa kazi hii. Inaacha mistari ambayo baadaye hutokeza upande wa mbele. Alikumbuka tisa. Kwa wengine alitaja tu nyumba walikotoka.

Nilipokuwa naaga akaniuliza kama naweza kumwachia. Kaka yake alifariki zamani, na hakuwahi kupigwa picha nyingine. Nilisita, nakiri. Ilikuwa ya baba. Nikamwahidi nakala kubwa, safi, na akakubali.

Mwezi uliofuata nilirudi nayo. Nilikuwa nimeipeleka studio mjini wakaiskani, wakaikuza, wakaitia fremu yenye kioo. Ilipendeza kwelikweli. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, na uso wake ukafunga.

"Umeniletea gari," akasema.

Nikainama kutazama. Ili picha ienee kwenye fremu, studio walikuwa wamekata pembeni, kulia na kushoto, na mimi sikukagua. Gari lilikuwa katikati, kubwa, kila tone la tope linaonekana. Pale aliposimama kaka yake palikuwa na mbao ya fremu.

Sikuwa na la kusema. Nilimwomba radhi, nikairudisha Arusha siku ileile, na safari hii nilisimama nyuma ya fundi mpaka mashine ikaitoa nzima, na ukingo mweupe pande zote nne. Jembe lote. Mguu peku.

Agosti nilifika kwa mara ya tatu, na wakati huu niliibeba ile ya asili, ile ya baba, yenye majina nyuma, ndani ya bahasha ya karatasi. Nilikuwa nimeamua njiani kwamba nakala ndiyo nitakayorudi nayo mimi. Alikuwepo mwanawe wa kwanza, mwanamume wa miaka hamsini na miwili, ndevu zimeanza mvi. Akaitoa kwenye bahasha, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango, akajitafuta kwenye mbeleko akajiona. Halafu akauliza mjomba ni yupi. Mama yake alimshika kidole akakisogeza polepole, akalipita gari, akawapita wanaosukuma, mpaka ukingoni.