Mashine pepe inayoganda kisha inazinduka yenyewe

Mashine pepe ya Linux chini ya KVM (sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe) inaganda, inazinduka, halafu inakaa siku kadhaa bila shida. Kwenye dmesg, yaani kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli (kiini cha mfumo), umebaki mstari mmoja: "BUG: soft lockup - CPU#1 stuck for 22s!". Wengi hukimbilia kubadilisha kerneli. Ni mapema mno.

Ujumbe huo hutolewa na mlinzi wa kerneli (watchdog) CPU moja isipoachia kazi kwa muda unaozidi mara mbili ya kernel.watchdog_thresh. Thamani ya kawaida ni 10, yaani sekunde 20. Lakini mlinzi huyo anaishi ndani ya mgeni, yaani mashine pepe yenyewe. Seva mwenyeji, ile inayoendesha mashine pepe, ikimnyima mgeni CPU, mlinzi analalamika vilevile.

Kwa hiyo acha `vmstat -t 1`, inayotoa mstari wa takwimu kila sekunde, iandike kwenye faili, ndani ya mgeni na kwenye mwenyeji pia. Mistari ya mgeni ikiendelea kuandikwa huku CPU moja imekwama, mshuku mgeni. Mistari hiyo ikiruka sekunde kadhaa, angalia safu ya st (steal, muda ambao mgeni alinyimwa CPU). St ikipanda, CPU za mwenyeji zimegawiwa kupita uwezo. Hapa ndipo watu hupotea: st kuwa sifuri hakumwondolei mwenyeji lawama. KVM huhesabu humo muda ambao CPU pepe ilikuwa tayari ikingoja zamu tu. Ikiwa imelala ikisubiri kurasa za memori zirudishwe kutoka swap (sehemu ya diski inayosaidia memori) ya mwenyeji, muda huo hauonekani. Dalili yake utaiona kwenye safu za si na so za mwenyeji, yaani kinachoingia na kutoka swap.

Usingoje tatizo lijirudie lenyewe. Kwenye seva ya majaribio, bana CPU pepe mbili za mashine pepe (hapa inaitwa jaribio) kwenye CPU halisi moja, namba 3, kisha ilemee CPU hiyo:

`virsh vcpupin jaribio 0 3`
`virsh vcpupin jaribio 1 3`
`taskset -c 3 stress-ng --cpu 4`

Sasa CPU pepe iliyoshika kufuli (lock, kinachozuia wawili kugusa data moja kwa pamoja) inaweza kuondolewa katikati ya kazi, na mwenzake akabaki akizunguka bure akiingoja. Mwanya uliokuwa mdogo sana unapanuka. Kurekodi na kurudia utendaji kwa QEMU (programu inayoendesha mashine pepe) hakusaidii hapa, maana hufanya kazi na TCG, njia yake ya kuiga CPU kwa programu, si KVM.

Mwenyeji akiwa safi kabisa, weka kernel.softlockup_panic=1, ili kerneli isimame kabisa ikikwama, na uandae kdump, inayohifadhi nakala ya memori wakati huo, ndani ya mgeni. Tatizo likitokea tena, fungua faili la kdump kwa programu ya crash, ukitumia vmlinux (faili la kerneli) yenye alama za utatuzi ya kerneli ileile, kisha andika `bt -a` uone kila CPU ilikuwa ikifanya nini. Anza kusoma na CPU iliyotajwa kwenye ujumbe. Halafu tafuta kati ya nyingine ni ipi imeshika kufuli inayongojwa.