Nilivyovuka Moyale kwa Basi, na Nilivyoachwa kwa Kujua Hesabu

Nimetoka Nairobi hadi Addis Ababa kwa mabasi, nikiwa na begi moja la mgongoni, na kilichokaribia kunishinda hakikuwa barabara wala maofisa wa uhamiaji, bali ushauri wa rafiki yangu aliyetangulia kupita njia hiyo.

Barabara yenyewe siku hizi haina hadithi. Wasafiri wa zamani walipanda juu ya malori kutoka Isiolo na kulala njiani. Mimi nilisinzia juu ya lami hadi mpakani Moyale, kilomita mia tano hivi kutoka Isiolo, nikiamshwa tu kwenye vizuizi vya polisi, kwa hiyo kitambulisho kikae mfukoni mwa shati, si chini kabisa ya begi nilikokiweka mimi. Nauli ilikuwa kama shilingi elfu tatu.

Rafiki alikuwa amenionya nisithubutu kuvuka kabla ya kugongewa muhuri upande wa Kenya, nami nikazunguka nikitafuta dirisha la kutokea mpaka askari mmoja akanihurumia. Kituo cha pamoja cha mpakani Moyale kilizinduliwa Desemba 2020, na siku hizi anayetoka Kenya hukamilisha shughuli za nchi zote mbili katika jengo la upande wa Ethiopia. Pasipoti ya Kenya haihitaji viza huko, hivyo sikukaa sana.

Kijana aliyenikatia tiketi ya Addis alizungumza Kiswahili vizuri. Aliniambia, "Kaka, basi linaondoka saa kumi na moja, usichelewe," kisha akaandika 11. Nilitabasamu kama mjuzi, kwa sababu rafiki alikuwa amenisisitizia kwamba kila nitakapotajiwa saa nchini Ethiopia nitoe sita, na kwa kuwa hata mwaka kwenye ile tiketi ulikuwa nyuma ya wetu kwa miaka kadhaa, nilikwishaamini kwamba hapo hakuna kinachosomwa kilivyoandikwa. Kumi na moja kutoa sita ni tano. Nikalala usingizi wa mtu mwenye akili, nikaamka saa mbili asubuhi, nikanywa kahawa vikombe vitatu, cha mwisho nikikinywa huku nikiwahurumia wageni wasiojua hesabu, na saa nne na nusu nikaingia stendi nikakuta uwanja mtupu, mbuzi wawili na yule kijana.

"Basi liko wapi?"

"Limeshapita Yabelo."

Nilimwonyesha tiketi na kuanza kumweleza habari ya kutoa sita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akauliza, "Kaka, kwa Kiswahili saa kumi na moja alfajiri ni saa ngapi?"

Waethiopia huhesabu saa kuanzia macheo, kama sisi tuhesabuvyo. Hesabu ya rafiki yangu inawafaa wanaohesabu kuanzia usiku wa manane, ambao kwao ile tano ni alfajiri; mimi niliitoa sita kwa saa yao, kisha nikaisoma tano kwa saa yetu, nikapata saa ambayo haikuwa ya nchi yoyote. Mtu anayefikiri kwa Kiswahili hana haja ya kutoa chochote, na kijana yule alikuwa ameniambia hivyo tangu mwanzo, kwa lugha yangu mwenyewe.

Tiketi ya pili nililipa kwa birr nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya mji wa Hawassa. Siku iliyofuata nilifika saa kumi kasoro, nikasimama gizani pamoja na akina mama wenye mafurushi, geti likafunguliwa, begi langu likafungwa kwa kamba juu ya basi chini ya godoro la mtu, nami nikakaa dirishani. Tulikuwa tumeanza kuondoka, tukishika upande wa kulia wa barabara, wakati mtandao wa Kenya uliponiletea ujumbe wa rafiki yangu kabla haujakatika: "Ulikumbuka kutoa sita?"