Siku Moja na Drili ya Sumaku, Malindi

Nikisema kazi yangu ni kutoboa chuma, watu huwaza ile drili ya mkononi ya kutobolea ukuta. Mimi hutoboa bimu na nguzo za majengo, minara ya matangi ya maji na fremu za trela, tena zikiwa pale pale ziliposimama, kwa mashine inayojishika kwenye chuma kwa sumaku ya umeme. Wenye mashine hizi hapa Malindi tunajuana. Wateja wetu wengi huona dakika chache za kukata, wakauliza mbona bei ni kubwa. Nimeiandika Jumanne yangu yote ili anayetuita ajue pesa yake inaenda wapi.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeshaswali, chai iko jikoni, na mahamri na mbaazi vinaletwa na mama wa jirani. Nafungua sanduku la mashine kabla sijala. Kwanza nautazama waya wote, kuanzia plagi hadi unapoingia kwenye mwili wa mashine, kwa sababu waya uliochubuka juu ya bimu ya chuma unamuua mtu. Kisha nageuza mashine nikafuta uso wa sumaku kwa kitambaa. Chenga ndogo ya chuma iliyoganda pale hunyanyua sumaku kidogo tu, lakini hicho kidogo kinakula nguvu nyingi. Halafu hewa yetu ya bahari: chuma kikilala bila mafuta usiku mmoja, asubuhi kina wekundu. Kwa hiyo kila jioni naupaka uso wa sumaku mafuta, na kila asubuhi naufuta ukauke kabisa.

Meno ya biti nayapitisha chini ya taa. Biti yetu ni kama kikombe kisicho na kitako, meno yako ukingoni tu. Haisagi shimo zima kuwa chenga. Inakata mviringo mwembamba, na kipande cha katikati kinatoka kizima. Ndiyo maana mashine ya kilo 13 inatoboa shimo ambalo drili ya kawaida ingehangaika nalo. Ila jino moja likivunjika, mengine hayadumu.

Saa moja asubuhi niko kwenye tuktuk na mpwa wangu, sanduku katikati yetu, tunaelekea upande wa Casuarina. Ni nyumba ya wageni inayoongezwa ghorofa. Nguzo na bimu zimeshasimama, ila vishikizo vya ngazi na vya jukwaa la matangi vimekuja na matundu ambayo bimu hazina. Bolti ni za milimita 20, kwa hiyo mashimo ni ya milimita 22.

Mashimo ya chini, kwenye nguzo zenye chuma cha milimita 12, yaliisha kabla ya saa nne na hayana hadithi. Kupima, kupiga alama kwa panchi, kukwangua rangi, kufunga mnyororo, kuwasha sumaku, kukata, kupiga brashi, kuhama.

Hadithi ilianza tulipopanda.

Jukwaa la matangi linashikwa kwenye bimu za juu, na matundu yanatakiwa yapite kwenye ukuta wa katikati wa bimu, si kwenye mabawa yake. Nikaweka vernia, kile kifaa cha kupimia unene: milimita 6. Nikamwambia mpwa wangu ashuke akalete ile pleti nzito na klampu mbili. Msimamizi wa mjengo akaja chini ya skafoldi, mikono kiunoni.

"Fundi, sasa hiyo pleti ya nini? Si utoboe tu?"

"Ndugu yangu, hiki chuma ni chembamba. Sumaku haitashika."

"Chuma ni chuma. Kule chini umeshika vizuri tu."

Nikamweleza. Nguvu ya sumaku inayoandikwa kwenye kitabu cha mashine imepimwa kwenye chuma kinene, bapa na kisafi. Nguvu hiyo hupita ndani ya chuma, na chuma chembamba hakina nafasi ya kuibeba yote. Chini ya milimita 10 hivi mimi siiamini peke yake. Rangi inapunguza, kutu inapunguza, mgongo wa uchomeleaji unainua upande mmoja. Ndiyo maana naweka pleti ya milimita 15 nyuma ya bimu, naibana kwa klampu hadi isiwe na mwanya, kisha sumaku inakaa upande wangu na kushika vyuma viwili kana kwamba ni kimoja.

Akasema namtafutia gharama. Nikamwita apande aone. Alipopanda, nikaiweka mashine kwenye bimu bila pleti, mnyororo ukiwa umefungwa, biti ikiwa imetolewa. Nikawasha sumaku, nikaisukuma kwa kiganja kutoka ubavuni. Ikateleza. Nikamwambia, huo ni mkono wa mtu mmoja. Biti ikikwama ndani ya chuma, mota ikiendelea kuvuta, mashine nzima ndiyo itakayozunguka, na iliyo karibu nayo zaidi ni mikono yangu na uso wangu.

Nilidhani tumemaliza. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi mwite yule wa gesi. Atoboe kwa moto, tumalize."

Hapo ndipo damu yangu ilipochemka, na sitaficha. Shimo la gesi si shimo la bolti. Moto unauacha ukingo mgumu na wenye makunyanzi, upana wa mbele na wa nyuma haulingani, na bolti inagusa chuma mahali pawili patatu badala ya kukaa sawasawa. Juu ya bolti hizo zitakaa matangi ya maji. Lita 1,000 za maji ni tani nzima, na matangi pale ni mawili, na chini yake kutalala wageni. Nikamwambia maneno hayo hayo, kwa sauti ya chini kwa sababu vijana wengine walikuwa wanasikiliza na sikutaka kumvunjia heshima. Nikaongeza kwamba akiamua gesi, mimi nafunga sanduku langu, anilipe ya mashimo ya chini tu, na ampigie mhandisi wake simu kwanza.

Alimpigia. Walizungumza muda mrefu akiwa amenipa mgongo. Akarudi akasema, "Haya, weka pleti yako." Saa tano na robo. Saa nzima na zaidi imekwenda kwa mdomo, na jua la Malindi saa hiyo limeshaanza kuchoma bimu hadi huwezi kuziegemea.

Kutoboa ukuta wa bimu ukiwa juu si sawa na kutoboa chini. Mashine inalala ubavu, na mafuta ya kukatia hayashuki kwenye biti yenyewe, yanamwagika kwenye mbao za skafoldi na kuzifanya utelezi. Kwa hiyo natumia nta ya kukatia, nasugua kwenye meno kabla ya kila shimo. Mnyororo naupitisha kwenye mpini wa mashine na kuuzungusha bimu, nauvuta hadi usiwe na ulegevu. Mnyororo uliolegea unaiacha mashine ianguke kwanza, ndipo uidake, na mdako huo unaweza kukung'oa wewe kwenye skafoldi. Mkanda wangu wa usalama naufunga kwenye bimu nyingine, kamwe si kwenye mashine.

Miwani, ndiyo. Vizibo vya masikio, ndiyo. Glavu, hapana, si wakati biti inazunguka. Watu hushangaa, kwa kuwa nyuzi za chuma zinazotoka zina moto na zinakata kama wembe. Lakini glavu ikishikwa na uzi mmoja inaubeba mkono wote. Navaa shati la mikono mifupi, na nyuzi naziondoa kwa brashi mota ikiwa imezimwa. Mpwa wangu huingiza hata kamba ya helmeti ndani ya ukosi, sikumfundisha hilo, alilifikiria mwenyewe.

Kwa biti ya milimita 22 kwenye chuma cha kawaida naiweka mashine karibu mizunguko 400 kwa dakika. Pini ya katikati inakaa kwenye alama ya panchi, naanza kwa mkono mwepesi hadi mviringo ushike, kisha nasukuma kwa uzito ule ule bila kusitasita. Sikio ndilo linalopima: sauti ikiwa nene na tulivu, biti inakula. Ikilia kwa ukali, aidha imekauka au imechoka. Tukipenya chuma, pini inakisukuma nje kile kipande cha katikati, cha moto, na kikiwa juu kinaruka. Kwa hiyo chini tumezungushia utepe, na mpwa wangu anamzuia yeyote asipite.

Aliyepita ni mwenye kuchomoa plagi.

Sijui ilikuwa saa ngapi, baada ya wali na samaki, kabla ya alasiri. Niko nusu ya shimo, mashine ikazimika mkononi mwangu, na sumaku nayo ikaachia. Uzito wote ukaenda kwenye mnyororo na kwenye biti iliyo ndani ya chuma. Nilizima swichi ya mota kabla ya kitu kingine chochote, maana stima ikirudi na swichi ya mota bado imewashwa, si kila mashine itasubiri uiwashe. Chini, kijana wa plasta alikuwa amechomoa ekstensheni ili achaji simu. Hakuwa na ubaya, ni mtoto wa watu, hakuna aliyemwambia kwamba waya ule unashikilia kilo 13 juu ya vichwa vya watu. Nilimwita akapanda, nikamwonyesha mnyororo ulivyokaza. Akasema, "Nisamehe, ami." Tangu hapo yeye mwenyewe ndiye aliyekaa karibu na plagi akiwafukuza wenzake.

Kurudi kwenye shimo la nusu kunahitaji subira kuliko kulianza. Biti haizungushwi hadi ikae tena ndani ya mfereji wake. Nikaishusha kwa mkono, ikiwa imezimwa, hadi meno yakaingia yote, ndipo nikawasha sumaku, nikaijaribu kwa kuisukuma, ndipo mota. Wakati huo huo fundi wa kuchomelea alitaka kuanza upande wa pili wa bimu ile ile. Nikamwomba asubiri. Umeme wa kuchomelea unaopita kwenye chuma hicho hicho unaweza kurudi kwa njia ya mashine yangu na kuiharibu sumaku. Aliudhika, akakaa kivulini akisonya.

Mabega yaliniuma kuanzia hapo. Kufungua klampu, kuhamisha pleti, kubana, mnyororo, nta, kukata, brashi. Shimo la mwisho lilipenya adhana ya Maghribi ikikaribia. Msimamizi alipanda na bolti mkononi, akaziingiza moja moja kwa vidole bila nyundo. Hakusema kitu. Alinilipa, akapunguza kidogo kwa ajili ya "muda uliopotea," na sikuwa na nguvu ya kubishana tena.

Nyumbani nilifuta sumaku, nikaipaka mafuta, nikaweka biti moja kando ya kunolewa. Simu ikalia. Mtu wa Gongoni, ana fremu ya trela, anataka bei ya shimo moja moja.

"Chuma kina unene gani?" nikamuuliza.

"Aa, chuma cha kawaida tu, ami."

Nikamwambia nitakuja kesho saa mbili na vernia yangu, tupime kwanza, ndipo tuzungumze bei.