Kumbukumbu ya mradi: kioo hakigandi tena, na mginko nimeunasa ukipukutika

Hatimaye nimeipata. Asubuhi nzima ya mginko wa uani, ule mti wa majani ya njano, kuvua majani yake, tangu jani la kwanza hadi matawi yakabaki matupu, ipo kwenye memori kadi na kila picha ni safi. Nimeirudia kuitazama hadi nalijua tawi lililoanza: ni lile la mashariki, juu kabisa, linalopigwa na jua kabla ya mengine. Misimu iliyotangulia asubuhi kama hiyo iliniachia picha nyeupe tupu. Kwa hiyo leo naandika kuhusu kitu kimoja kilichonikosesha usingizi: sakitu, yaani barafu nyembamba, juu ya kioo cha mbele cha kamera.

Vifaa ni vya kawaida. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, ndani ya kasha lisilopitisha maji, moduli ya kamera nyuma ya kioo bapa, picha moja kila dakika kuanzia alfajiri. Anayefanya kazi hizi anajua yaliyobaki.

Ugumu uko hapa. Mginko haupukutishi majani taratibu kama mepo, ule mti wa majani mekundu, ulio jirani yake. Kila jani hujenga tabaka la seli dhaifu pale kikonyo kinapoungana na tawi, na kwenye mginko matabaka hayo hukomaa karibu kwa pamoja, mti mzima. Ukija usiku wa kwanza wa baridi kali, maji yaliyo ndani ya tabaka hilo huganda, na barafu yenyewe ndiyo inayoshikilia kikonyo kama gundi. Jua likipanda barafu inayeyuka, na hapo hakuna tena kinachoshika chochote. Majani yanamiminika bila upepo hata chembe, na huenda kabla ya jioni mti ukawa mtupu. Ukiikosa asubuhi hiyo, umeukosa mwaka.

Sasa huo usiku ni usiku wa namna gani? Anga jeupe lisilo na wingu, hewa imetulia tuli. Na huo ndio usiku unaogandisha vioo. Kioo hupoteza joto lake kwa mnururisho, yaani kwa kulitoa kama miale, kuelekea angani. Mawingu yakiwepo hukirudishia sehemu kubwa ya joto hilo, yasipokuwepo kinachorudi ni kidogo sana, na kioo kinapoa kuliko hata hewa inayokizunguka. Ndiyo maana kipimajoto kilichotundikwa mahali palipofunikwa kinaweza kusoma nyuzi 2 juu ya sifuri huku kioo cha kamera kimeshaota barafu. Anga linalouvua mginko ndilo linaloipofusha kamera, usiku uleule, kwa sababu ileile. Bahati haina nafasi hapa. Kila asubuhi yenye thamani lazima ije na kioo kilichoganda.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1814 daktari William Charles Wells, aliyekuwa akifanya kazi London, alichapisha matokeo ya majaribio yake kuhusu umande. Aliweka mafungu ya sufu nje usiku, mengine wazi chini ya anga na mengine chini ya ubao, kisha akayapima uzito asubuhi. Yaliyokuwa wazi yalikusanya maji mengi zaidi. Umande hauanguki kutoka juu. Unajitengeneza juu ya kitu kilichopoa kwa kulitazama anga. Nilipolielewa hilo vizuri, niliacha kuyashangaa yaliyokuwa yakishindikana.

Maana yameshindikana mengi. Kupaka kioo sabuni kunasaidia mvuke wa jikoni, kwa sakitu ni bure. Silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, ndani ya kasha ni lazima uwe nayo, lakini inakausha upande wa ndani tu, na adui yuko nje. Kile kifuniko kinachofunguliwa na mota ndogo ndicho kilichonikasirisha kuliko vyote, kwa sababu kwenye karatasi kilikuwa suluhisho zuri mno. Usiku wa baridi grisi ya gia ikakakamaa, mota ikalia hadi alfajiri, na kifuniko kikabaki kimefunga huku mti ukipukutika mbele yake. Kupasha joto ndani ya kasha nako kunapoteza umeme: hewa ya ndani inapata joto, Pi inafurahi, na katikati ya kioo bado kumeganda, kwa kuwa kioo kinapoteza joto haraka kuliko hewa hiyo inavyoweza kukirudishia.

Wakati huo niliitazama ile sakitu kwa kioo cha kukuzia. Inaanzia kwenye mikwaruzo. Kila mkwaruzo unaota safu ya vijisindano, na vijisindano vinakua kuelekea penye nafasi hadi safu mbili zikutane, na mstari wa makutano unabaki wazi kwa muda kabla nao haujafunga. Ni nzuri ajabu, na siku moja nitaipiga picha kwa ajili yake yenyewe. Ila ilinifundisha jambo la kazi: kioo kilichokwaruzwa kinaganda mapema, kwa hiyo kibadilishe, usikisugue.

Kilichofanya kazi ni rezista, vile vipande vidogo vya kielektroniki vinavyopata joto umeme ukipita. Rezista 8 za omu 330, zimeunganishwa sambamba, zimepangwa duara kwenye ukingo wa kioo upande wa ndani na kushikizwa kwa gundi ya epoksi. Kwa volti 5 zinavuta kama ampea 0.12, yaani wati 0.6 hivi, na kila moja inabeba mzigo mdogo kuliko robo wati iliyotengenezewa. Joto linaingia moja kwa moja kwenye kioo chenyewe, na kioo kinabaki na joto la nyuzi 2 au 3 kuzidi hewa. Inatosha kabisa. Usishawishike kuongeza: kioo kikiwa cha moto, hewa iliyo mbele yake inachezacheza na majani ya mbali yanapoteza ukali. Wapenzi wa darubini wanazungushia lenzi zao mikanda ya joto kwa sababu hiihii, nami nimeazima wazo kutoka kwao.

Nusu ya pili ni bomba. Bomba jeusi fupi mbele ya kioo, limefunikwa sponji kwa nje, ili kioo kiuone mti na kisilione anga lote. Ni ubao wa Wells, umekunjwa tu. Rezista bila bomba zilishindwa usiku wenye unyevu mwingi, bomba bila rezista likachelewesha sakitu kidogo tu. Viwili pamoja, kioo kimekaa kikavu usiku kucha huku kasha lenyewe limekuwa jeupe pande zote.

Umeme, kwa kifupi, kwa sababu naona wengi wanaua betri zao. Betri ya lithiamu inaweza kutoa umeme kwenye baridi, japo uwezo wake unapungua. Kuichaji chini ya nyuzi 0 ndiko kunakoiharibu: lithiamu inajipaka kama metali juu ya elektrodi, na hairudi ilikotoka. Yangu inakaa ndani ya nyumba, na waya unatoka nje ukiwa na volti 12, zinashushwa kuwa 5 palepale kwenye kasha. Ukipeleka volti 5 kwenye waya mrefu zinafika zimechoka, na Pi inajizima na kujiwasha ovyo. Na gundi ya moto, ile ya bastola, ondoeni kwenye kazi yoyote ya nje majira ya baridi. Inakuwa ngumu, inabanduka kipande kizima, bila onyo. Epoksi au skrubu, basi.

Zima pia urekebishaji wa rangi wa kiotomatiki. Kamera ikiona fremu imejaa njano ya mginko inadhani mwanga ndio wa njano, inaingiza bluu, na ile rangi uliyoisubiri mwaka mzima inageuka kijivu. Rangi na mwangaza vyote viwekwe kwa mkono.

Asubuhi yenyewe sasa. Jua lilipogusa kilele, jani moja lilishuka, kisha mawili, kisha sikuweza tena kufuata. Nilisimama uani huku kamera ikifanya kazi yake na nilikuwa nasikia majani yakigonga majani njiani, mlio mkavu mdogo, kutoka kila upande. Niliokota moja. Mishipa yake inatoka kwenye kikonyo na kugawanyika miwili miwili hadi ukingoni, hakuna mshipa mkuu wa katikati, na ncha ya kikonyo ni laini na safi, hakuna nyuzi zilizochanika. Mti huu ndio spishi pekee iliyobaki hai ya kundi lake zima, na mimi ninao uani. Sijalizoea hilo na sitaki kulizoea.

Mpango ulikuwa niendelee na mepo: kupima rangi ya tawi moja kila siku, nione wekundu unavyoingia. Njano huwa imo ndani ya jani tangu mwanzo, klorofili, ile rangi ya kijani, ikivunjika inaonekana, lakini wekundu wa anthosayanini hutengenezwa upya wakati wa vuli, majira ya majani kupukutika, na upande wa mepo unaopata jua unawiva kuliko ule wa kivulini. Ni kazi nzuri. Nimeiacha, kwa sababu ya mwaloni.

Mwaloni mdogo wa kule ukutani umekauka majani na hauangushi. Ya kilele yamepungua, ya chini yote yapo, ya kahawia, yanachakarika usiku. Miti michanga ya mwaloni na matawi ya chini ndiyo yenye tabia hiyo: tabaka la vikonyo halikamiliki wakati wa vuli, na majani hukaa hadi karibu na majira ya kuchipua. Wapo wanaosema yanakinga machipukizi yasiliwe na wanyama, wapo wanaosema mti unajiwekea mbolea ya kuangusha kwa wakati wake. Mimi nataka kuona jani moja linaloachia mwishowe, na machipukizi yaliyo pale kikonyo chake kinapoungana na tawi yanafanya nini wakati huo.

Hiyo ni picha moja kwa siku kwa miezi kadhaa, na inahitaji kivuli kinachotabirika. Saa ya ukutani haifai. Mwanzoni mwa Novemba jua linafika juu kabisa angani kama dakika 16 mapema kuliko saa inavyodai, na katikati ya Februari linachelewa kama dakika 14, kwa hiyo picha za saa ileile zinatofautiana nusu saa ya jua. Nimeandika skripti, programu fupi inayokokotoa adhuhuri ya kweli ya kila siku na kuipa kamera amri. Bano la plastiki nimelitoa na kufunga la chuma, maana kamera isisogee hata milimita hadi machipukizi yavimbe. Rezista na bomba vimehamia hukohuko. Picha ya kwanza ya mwaloni imeingia jana.