Masundosundo ya haja kubwa yakirudi, chanjo ya HPV inasaidia nini?

Mada hii watu hawaitaki ila naandika hivohivo, kwasababu wengi tunateseka kimyakimya. Mi naishi na VVU, dawa nameza, virusi havionekani kwenye kipimo, na bado masundosundo ya sehemu ya haja kubwa yalikuwa yananirudia. Vinyama vinachomwa hospitali vinaisha, kidonda kinapona, unakaa wee, alafu siku unaoga kidole kinakutana na kale kapunje kagumu tena, roho inakushuka palepale bafuni.

Yanarudi kwasababu kinachochomwa ni nyama tu, kirusi chenyewe, kinaitwa HPV, kinabaki kwenye ngozi ya pembeni inayoonekana safi kabisa. Karibu asilimia 90 ya masundosundo yanaletwa na HPV aina ya 6 na 11, na sisi wenye VVU kinga inapata shida kukikandamiza hicho kirusi, hasa kama CD4, yani chembe za kinga, iliwahi kushuka sana.

Sasa chanjo. Kuna watu wanaambiwa chanja tu yataisha, mtu anakopa hela anaenda kujilipia maana ya serikali ni ya mabinti (Tanzania ilianza nchi nzima 2018), alafu miezi inapita vinyama viko palepale. Jamani chanjo inazuia aina ambayo haijakuingia, iliyoshaingia haifukuzi. Uingereza waliwapima watu 503 wenye masundosundo, wengine dawa ya kupaka pamoja na chanjo, wengine dawa bila chanjo, majibu yalipotoka 2020 tofauti haikutosha kusema chanjo imesaidia. Na utafiti mwingine wa 2018, watu 575 wenye VVU wa miaka 27 kwenda juu, haukuonyesha kwamba chanjo inawakinga na HPV mpya ya sehemu ya haja kubwa. Kwa umri ule wengi walishakutana nayo.

Ila kwa kijana mwenye VVU ambaye hajaanza ngono mi hiyo chanjo ningeipigania kwa nguvu zote. Haina kirusi hai kwahiyo VVU sio kizuizi, na WHO wanasema mwenye VVU apate angalau dozi 2, ikiwezekana 3, sio ile moja ya mabinti shuleni. Hapa ndo panaponiuma, mzazi anaogopa kutaja hali ya mtoto mbele ya walimu, mtoto anachomwa moja anarudi darasani na hakuna anayefuatilia. Mzazi wangu, huna haja ya kusema shuleni, kaongee na nesi wa CTC, kliniki ya VVU, wanaomjua mtoto. Uliza na aina ya chanjo pia, Gardasil ina kinga ya 6 na 11, Cervarix na Cecolin ni za 16 na 18 tu, yani saratani, masundosundo hazigusi.

Na wewe ambaye unayo tayari, usiendelee kupaka dawa za bawasiri bila kuangaliwa. Vinafanana ukivigusa lakini sio kitu kimoja, na HPV 16 ndo inaleta saratani nyingi za huko, sisi wenye VVU hatari yetu iko juu. Ukiona damu, maumivu yasiyoisha au uvimbe mgumu unaokua, nenda wiki hiihii. Kirusi kinapita ngozi kwa ngozi, hata ambaye hajawahi kufanya ngono ya nyuma anaweza kupata, kwahiyo daktari akianza maswali ya kukudhalilisha badala ya kukuangalia, inuka utafute mwingine.